Fikra Wazi Haziji kwa Waya

Mwaka 2014 madaktari wa Amsterdam, Uholanzi, walichapisha habari za mgonjwa wao mmoja, mwanamume aliyekuwa anakaribia miaka 60, ambaye tangu ujana wake aliteswa na mawazo ya kujirudia-rudia yasiyompa nafasi ya kupumua. Dawa zilikuwa zimeshindwa. Wakampasua kichwa, wakapitisha nyaya nyembamba mpaka kwenye kiini kidogo kilicho ndani kabisa ya ubongo, kile kinachohusika na hamu na raha, kisha wakaziunganisha na betri iliyopachikwa chini ya ngozi. Akapata nafuu. Baadaye akausikia redioni wimbo wa Johnny Cash, mwanamuziki wa Marekani, na kuanzia hapo hakutaka kusikiliza mwingine. Huyu hakuwa mtu wa muziki. Alisikiliza kidogo nyimbo za Kiholanzi na bendi kama Rolling Stones na Beatles, basi. Sasa akawa ananunua CD za Cash kila anapozipata. Betri ilipokwisha nguvu, Cash alitoweka na zile nyimbo za zamani zikarudi. Betri ikitiwa nguvu tena, Cash naye hurejea.

Kisa hiki kimekuwa kikinijia akilini kila ninapokutana na vichwa vya habari vya aina nyingine, vile vinavyodai kwamba umeme au sumaku ikielekezwa mahali fulani kichwani inaweza kumfanya mkaidi awe msikivu, na mwenye chuki awe mvumilivu. Swali lenyewe ni la haki. Ikiwa umeme unaweza kumfanya mtu apende leo asichokijali jana, kwa nini usimfanye akubali leo hoja aliyoikataa jana? Nimezisoma tafiti hizi kwa miaka kadhaa na kwa hamu kubwa. Nyingi ni kazi za watu makini, nazo zina mengi ya kutufundisha juu ya ubongo. Lakini hazioneshi kile ambacho vichwa vya habari vinasema. Umeme umeonekana kulegeza mazoea, kupunguza kinga tunazojiwekea, na kubadili uzito tunaoipa habari mbaya. Jaribio lililomfanya mtu awe na hamu zaidi ya kutafuta ushahidi unaompinga, mimi sijaliona.

Tuanze na fikra wazi zenyewe, maana hapo ndipo mjadala mwingi unapopotea. Mwanasaikolojia Jonathan Baron wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania ndiye aliyeipa dhana hii umbo ambalo watafiti wengi wanalitumia. Kwake, fikra wazi ni kazi anayoifanya mtu. Mwenye fikra wazi hutafuta kwa makusudi ushahidi unaopingana na anachokiamini, huupima kwa mizani ileile anayopimia ushahidi unaomfurahisha, na hubadili msimamo kwa kadiri ushahidi unavyomlazimu, bila kuzidisha. Hilo la mwisho husahaulika sana. Anayekubaliana na kila msemaji wa mwisho barazani hana fikra wazi; huyo ni bendera hufuata upepo. Tena mtu anaweza kubisha kwa sauti kubwa tangu magharibi hadi usiku wa manane akawa na fikra wazi kuliko wote waliokaa kimya, mradi anaijibu hoja aliyoambiwa, si hoja aliyomtungia mwenzake. Mwaka 1997 Keith Stanovich na Richard West walichapisha hojaji ya kupima sifa hii, wakagundua jambo la maana: wenye alama za juu walikuwa hodari zaidi wa kupima hoja zinazogongana na imani zao, hata walipolinganishwa na watu wenye akili sawa na yao. Akili peke yake haitoshi. Wengi wetu tunawafahamu watu werevu sana ambao werevu wao wote unatumika kulinda walichokwisha kuamua.

Sasa vifaa. Vipo viwili vinavyotumika zaidi bila kupasua kichwa. Cha kwanza ni koili ya sumaku, ambayo Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, waliionesha mwaka 1985. Koili inawekwa juu ya kichwa, inapitishiwa umeme mkali kwa muda mfupi mno, na uga wa sumaku unapenya mfupa na kuzusha umeme ndani ya ubongo. Ikishikwa juu ya sehemu inayoendesha mkono, kidole hucheza chenyewe bila mwenyewe kutaka. Marekani iliiruhusu itibu sonona mwaka 2008, na hospitali za nchi nyingi zinaitumia kwa kazi hiyo hadi leo.

Cha pili ni rahisi kiasi kwamba mtu anaweza kukiunda nyumbani, na hilo ni tatizo nitakalolirudia. Ni betri, nyaya mbili na sponji mbili. Sponji zinaloweshwa maji ya chumvi ili umeme upite vizuri kwenye ngozi, zinafungwa kichwani kwa mkanda wa mpira, moja upande chanya na nyingine upande hasi. Umeme wenyewe ni mdogo, miliampea moja au mbili, na unapitishwa kwa dakika 20 hivi. Mshiriki husikia mwasho chini ya sponji, kisha mwasho unafifia. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionesha mwaka 2000 kwamba umeme huu hauzilazimishi seli za neva kufyatuka kama sumaku inavyofanya. Unazisogeza tu: chini ya sponji chanya huwa nyepesi kuamka, chini ya hasi huwa nzito. Na ili matokeo yaaminike, washiriki wengine hupewa umeme wa kuigiza. Mashine inawashwa kwa nusu dakika hivi, mwasho unasikika, kisha inazimwa kimyakimya huku sponji zikibaki kichwani. Mshiriki hajui yumo kundi gani. Bila hila hiyo, kila aliyefungwa waya angejiona amepata akili mpya.

(Wazo la kutia kichwa umeme ni la kale kuliko umeme wa nyaya. Daktari wa Kirumi, Scribonius Largus, aliandika katika karne ya 1 kwamba mwenye maumivu makali ya kichwa awekewe taa wa baharini mwenye umeme mahali panapouma, hadi pafe ganzi.)

Jaribio lililoamsha matumaini makubwa lilifanywa Sydney, Australia. Richard Chi na Allan Snyder walichapisha matokeo yake mwaka 2011, nalo lilihusu njiti za kiberiti. Washiriki walipewa hesabu za Kirumi zilizopangwa kwa njiti, kila hesabu ikiwa na kosa, nao wairekebishe kwa kuhamisha njiti moja tu. Kwanza walipewa mafumbo mengi yanayofunguliwa kwa njia moja: njiti ya herufi X inasogezwa, X inakuwa V, hesabu inakaa sawa. Mtu akishafungua kadhaa, mkono wenyewe unajua pa kwenda. Kisha ghafla linakuja fumbo la namna nyingine, kama hili:

III = III + III

Hapa hakuna X ya kugeuza. Ukihangaika na tarakimu utahangaika mpaka uchoke, maana ufunguo haumo kwenye tarakimu. Umo kwenye alama ya kujumlisha: ondoa njiti yake iliyosimama, ilaze juu ya mwenzake, nawe utapata III = III = III. Ni jibu rahisi sana, ila mtu aliyezoea kuhangaika na tarakimu halioni, kwa kuwa amekwisha kujiamulia, bila kujua, kwamba alama hazisogezwi.

Katika kundi lililopewa umeme wa kuigiza, karibu mtu 1 katika 5 alilifungua fumbo la namna hiyo kwa muda uliowekwa. Katika kundi lililowekewa upande hasi kushoto na upande chanya kulia, juu ya sehemu za mbele za ubongo zilizo karibu na masikio, waliofungua walikuwa karibu 3 katika 5. Maelezo ya watafiti ni kwamba upande wa kushoto ndio unaohifadhi mazoea na majina ya vitu, na umeme ukiuzubaisha kidogo, mtu anaona kilichopo mbele yake badala ya anachokitarajia. Mwaka uliofuata wawili haohao walitumia fumbo la nukta tisa, lile la kuunganisha nukta zote kwa mistari minne bila kuinua kalamu. Hakuna aliyelifungua kabla ya umeme. Baada ya umeme, zaidi ya 40 kwa 100 walilifungua.

Matokeo hayo yanafurahisha, lakini tazama yanapima nini. Yanapima kuvunja mazoea. Njiti ya kiberiti haina chama wala dhehebu, haijawahi kumtukana mama yako, na ukikosea jibu lake hakuna anayekucheka harusini. Kukubali kwamba mradi uliouunga mkono kwa miaka kumi umeharibu kijiji chenu ni jambo la aina nyingine kabisa. Linagusa heshima, ukoo, na watu ambao kesho utakaa nao kwenye msiba mmoja.

Jaribio jingine linakaribia kidogo kiini cha jambo. Jibu hili upesi: daftari na kalamu kwa pamoja ni shilingi 1,100, daftari limezidi kalamu kwa shilingi 1,000, kalamu ni bei gani? Wengi husema 100. Jibu ni 50, na ukilipiga hesabu polepole utaliona. Swali la aina hii, ambalo Shane Frederick alilifanya maarufu mwaka 2005, halipimi ujuzi wa hesabu. Linapima kama mtu hulikagua jibu la kwanza linalomjia. Mwaka 2019 watafiti wa London Mashariki waliripoti kwamba waliowekewa umeme chanya juu ya paji la uso upande wa kulia walifanya vizuri zaidi kwenye maswali kama haya kuliko waliopewa umeme wa kuigiza. Nalipa jaribio hili uzito kuliko lile la njiti, kwa kuwa kusita kabla ya kujibu ndio mwanzo wa fikra wazi.

Umuhimu wa breki hiyo ya kusita umeonekana pia kwa kinyume chake. Wagonjwa wa Parkinson hutiwa nyaya ndani kabisa ya ubongo ili kupunguza mtetemeko, tiba iliyokomaa Grenoble, Ufaransa, mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2007 Michael Frank na wenzake waliwapa wagonjwa hao machaguo mawili yanayokaribiana kwa ubora. Mtu wa kawaida hapo hupunguza mwendo. Wagonjwa walipokuwa wamewashiwa umeme hawakupunguza. Walizidi kuharakisha, hasa pale palipotaka utulivu zaidi. Yaani kuna sehemu ya ubongo ambayo kazi yake ni kusema “ngoja kwanza,” na umeme unaweza kuiziba mdomo.

Sasa niingie kwenye tafiti zinazogusa imani zenyewe, maana hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoshangilia.

Tali Sharot, Ryota Kanai na wenzao wa University College London walichapisha mwaka 2012 jaribio ninaloliona kuwa bora kuliko yote katika uwanja huu. Mshiriki anaulizwa: unadhani uwezekano wako wa kuibiwa, au wa kupata ugonjwa fulani, ni asilimia ngapi? Anataja. Kisha anaoneshwa wastani wa watu wanaoishi kama yeye. Baadaye anaulizwa tena. Sisi binadamu tuna upendeleo ambao Sharot ameuonesha mara nyingi: tukiambiwa kwamba hali yetu ni nzuri kuliko tulivyodhani, tunarekebisha upesi; tukiambiwa ni mbaya zaidi, tunarekebisha kidogo tu, kana kwamba habari hiyo ilimlenga jirani. Watafiti walipoizubaisha kwa sumaku sehemu fulani ya mbele ya ubongo upande wa kushoto, upendeleo ukatoweka. Washiriki wakaipokea habari mbaya kwa uzito uleule wa habari njema. Walipoizubaisha sehemu kama hiyo upande wa kulia, hakikubadilika kitu.

Hapo nakiri uzito wa matokeo. Kupima habari chungu na habari tamu kwa mizani moja ni sehemu halisi ya fikra wazi. Lakini jiulize jinsi ilivyopatikana. Hakuna uwezo ulioongezwa. Kuna kinga iliyoondolewa. Na kinga hiyo haijui kuchagua: inazuia habari mbaya ya kweli na habari mbaya ya uongo pia. Washiriki wa London walipewa takwimu za kweli na watu wenye nia njema. Weka mahali pa takwimu hizo uzushi unaosambazwa wiki ya uchaguzi, utapata mtu yuleyule aliyezubaishwa kinga, akimeza kinachomtisha kwa urahisi zaidi kuliko jana.

Miaka minne baadaye tafiti mbili zilichapishwa ambazo, zikisomwa pamoja, zinamaliza ubishi kwa upande wangu. Ya kwanza ni ya watafiti wa Los Angeles na York. Washiriki, Wamarekani ambao idadi yao haikufika 40, walizubaishwa kwa sumaku sehemu ya katikati ya ubongo inayogundua mambo yanapokwenda mrama, kisha wakakumbushwa kifo, wakaulizwa juu ya Mungu, malaika na mbingu, na kupewa maandishi ya mhamiaji anayeikosoa Marekani. Ikilinganishwa na waliopewa sumaku ya kuigiza, imani yao ya dini ilipungua kwa karibu theluthi, na hukumu yao juu ya mhamiaji yule ikawa laini. Magazeti yakashangilia. Utafiti wa pili, wa Caitlin Chawke na Kanai, ulifanywa Uingereza. Washiriki walipitishiwa umeme mdogo sehemu za mbele za ubongo huku wakitazama filamu za kampeni, na baada ya hapo misimamo yao ya kisiasa ilielekea upande wa kihafidhina kuliko ya waliopewa umeme wa kuigiza, haidhuru filamu waliyoitazama ilikuwa ya chama cha Labour au cha Conservative.

Je, hao wa kwanza walifunguka fikra, na hao wa pili wakafungika? Ukijibu ndiyo, unapima fikra wazi kwa kuangalia kama mtu ameelekea upande unaoupenda. Muumini aliyepungukiwa na imani baada ya sumaku hakuwa amesikia hoja yoyote dhidi ya imani hiyo. Mpiga kura aliyesogea upande wa wahafidhina hakusogezwa na sera. Katika vyumba vyote viwili watu walibadilika bila sababu wanayoweza kuitaja, na mtu aliyebadili msimamo bila sababu hajafikiri kwa uwazi zaidi kuliko yule aliyeushikilia bila sababu. Hili nalisema kwa wanaoamini na wasioamini, kwa wahafidhina na wapenda mageuzi, kwa nguvu ileile.

Kuna pia suala la kama matokeo yenyewe yatasimama. Majaribio mengi ya aina hii yana watu makumi machache tu, na matokeo ya kundi dogo huyumba. Mwaka 2015 Jared Horvath na wenzake wa Melbourne walikusanya tafiti za umeme mdogo unaopitishwa mara moja kwa watu wazima wenye afya, wakahitimisha kwamba hakuna athari ya kuaminika kwenye uwezo wa kufikiri. Wapo waliopinga namna walivyohesabu, na mjadala huo haujafungwa, lakini hakuna anayeweza tena kuandika kana kwamba haukutokea. Kisha kundi la György Buzsáki, lililofanya kazi New York na Hungaria, lilipima kwa maiti umeme unaopita kichwani na kuchapisha mwaka 2018: karibu robo tatu yake huishia kwenye ngozi na fuvu. Kinachofika ubongoni ni kidogo sana.

Hata umeme unapofika na kufanya kazi, haufanyi bure. Teresa Iuculano na Roi Cohen Kadosh wa Oxford walionesha mwaka 2013 kwamba washiriki waliopitishiwa umeme juu ya utosi, upande wa nyuma, walijifunza haraka mfumo mpya wa alama za namba, ila walichojifunza hakikuwa chepesi kutumika bila kukifikiria. Waliopitishiwa sehemu ya mbele walipata kinyume: walichelewa kujifunza, lakini walichokipata walikitumia kwa wepesi. Ukiongeza hapa, umepunguza pale.

Na vichwa vilivyopimwa ni vya nani? Joseph Henrich na wenzake walikumbusha mwaka 2010 kwamba asilimia 96 ya watu waliopimwa katika majarida makuu ya saikolojia walitoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wote duniani. Katika uwanja wa ubongo kuna kizuizi cha ziada ambacho msomaji wa pwani au wa bara atakielewa mara moja: nywele. Sponji yenye maji ya chumvi, au kidude cha kupimia umeme wa ubongo, lazima kiguse ngozi ya kichwa. Nywele za Mzungu zinasukumwa pembeni kwa kidole. Nywele za kipilipili zilizojaa, rasta, au kichwa kilichosukwa na kushonewa nywele za bandia, haviruhusu hivyo. Mtafiti mwenye haraka humshukuru mshiriki kama huyo na kumwambia aende zake, au huipata data yake ikiwa chafu na kuitupa. Arnelle Etienne, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, alibuni vibanio vinavyoshika ngozi katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, kama vile vichwa vya twende kilioni tunavyoviona kila siku, na vipimo vikatoka safi. Ni ubunifu wa kuheshimiwa. Ila uliwezekana tangu zamani, na ulichelewa kwa sababu waliokosekana kwenye vipimo hawakuhesabiwa kuwa wamekosekana. Kwa hiyo mtu akikwambia umeme mahali fulani “hufungua fikra za binadamu,” muulize binadamu gani walikalishwa kwenye kiti.

Nilisema nitarudi kwenye suala la kifaa cha kujiundia nyumbani. Zipo helmeti na mikanda inayouzwa mtandaoni kwa ahadi ya umakini, ubunifu na akili iliyochangamka, na yapo maelezo ya kujitengenezea kwa betri ya volti 9. Mwaka 2016 watafiti wa uwanja huu waliandika barua ya wazi katika jarida la Annals of Neurology kuwaonya wanaojifanyia: umeme haukai chini ya sponji tu, athari zake zinaweza kudumu, na ukichanganyika na shughuli unayoifanya wakati huo unaweza kuzaa usichokitarajia. Kwetu kuna sababu nyingine ya tahadhari. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 50 wana kifafa, na karibu 8 katika 10 wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako wengi hawajawahi kupimwa. Sumaku ya kichwani inaweza, kwa nadra, kuamsha degedege. Maabara huanza kwa kumuuliza mshiriki historia yake ya kifafa na kumzuia akiwa nayo. Muuzaji wa mtandaoni haulizi.

Kinachonisikitisha zaidi katika gumzo hili ni kwamba njia iliyopimwa na isiyohitaji betri imekuwepo muda mrefu, nayo haipati vichwa vya habari. Mwaka 1984 Charles Lord, Mark Lepper na Elizabeth Preston walichapisha jaribio kuhusu adhabu ya kifo. Waliwachukua wanaoiunga mkono na wanaoipinga, wakawapa wote tafiti mbili zilezile, moja ikionesha adhabu hiyo inapunguza mauaji na nyingine ikionesha haipunguzi. Ilikwisha kujulikana kwamba katika hali kama hiyo kila upande huusifu utafiti unaoupenda, huutoboa matundu unaouchukia, na mwishowe pande zote huzidi kuachana. Sasa kundi moja likaambiwa liwe na haki, lisipendelee, kama hakimu. Haikusaidia kitu. Kundi jingine likaambiwa kitu mahususi: katika kila hatua ya kuukosoa utafiti, jiulize kama ungeukosoa hivyohivyo endapo utafiti huuhuu, kwa mbinu hizihizi, ungetoa matokeo ya upande wa pili. Upendeleo ukapotea.

Linganisha hilo na sumaku ya London. Matokeo yanafanana: mizani imekuwa moja. Tofauti ni kwamba aliyeulizwa swali anajua alichofanya, anaweza kukifanya tena kesho kwa jambo jingine, anaweza kumfundisha mwanawe, na bado ana kinga yake dhidi ya uongo kwa kuwa ameitumia kwa pande zote mbili badala ya kuivua.

Philip Tetlock na Barbara Mellers, nao wa Pennsylvania, walilipeleka jambo hili nje ya maabara. Kuanzia mwaka 2011 waliendesha mashindano ya kutabiri matukio ya dunia, yakifadhiliwa na shirika la utafiti la idara za ujasusi za Marekani, na maelfu ya watu wa kawaida walishiriki. Mafunzo yasiyozidi saa moja hivi, juu ya kukagua makadirio yako na kutafuta upande wa pili, yaliongeza usahihi kwa takribani asilimia 10, na faida hiyo ilidumu mwaka mzima. Alama za fikra wazi zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowatambulisha watabiri bora. Mtu alifika huko kwa kurekebisha utabiri wake mara kwa mara, kidogo kidogo, kila habari ilipoingia.

Sisemi maabara za umeme zifungwe. Mgonjwa wa sonona aliyeshindwa na dawa anastahili koili ile, na ningependa kuiona katika hospitali zetu za rufaa nyingi zaidi kuliko sasa. Kwa sayansi, kuzubaisha sehemu moja kwa muda na kutazama kinachobadilika ni njia nzuri sana ya kujua sehemu hiyo ilikuwa ikifanya nini. Bila Sharot na Kanai tusingejua kwamba kukwepa habari mbaya ni kazi ambayo ubongo unaifanya kwa juhudi. Ninachokipinga ni kuruka kutoka hapo hadi kwenye ndoto ya raia waliofunguliwa fikra kwa waya. Serikali, kampuni au kanisa litakalotamani kifaa hicho litakitamani kwa ajili ya wale wasiokubaliana nalo, na hakuna kiongozi nimjuaye ambaye angejivika yeye kwanza.

Kwa walimu wanaosoma safu hii nina ombi moja. Mnapofundisha insha za hoja na midahalo, acheni kuwaambia wanafunzi wawe na fikra pana, kwa sababu tangu 1984 tunajua kwamba kuambiwa hivyo hakusaidii. Wapeni lile swali la Lord na wenzake, waliandike juu ya daftari, na muwatake walijibu kwa maandishi kila wanapoikataa hoja: kama ushahidi huuhuu ungekuwa upande wangu, ningeukataa kwa sababu hii?